Nyumba ya wazee niliyompeleka Mama Mkubwa, baada ya miezi saba

Jina la nyumba silitaji. Mama Mkubwa bado anaishi pale, na humu ndani kuna mambo nitawasema vibaya. Sitaki dada wa zamu aje amkunjie uso kwa ajili yangu. Itoshe kusema ipo Mbezi ya Kimara. Ukitoka barabara ya Morogoro unaingia ndani kama dakika kumi kwa bajaji, na masika bajaji zinagoma kabisa. Mimi ni fundi friji na AC, banda langu lipo Tabata. Nalisema hilo mapema kwa sababu nyumba hizi nilizikagua kifundi, na kuna vitu nilivitazama ambavyo mwenzangu pengine usingevitazama.

Mama Mkubwa ni dada yake marehemu mama. Amenilea tangu nipo darasa la pili. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa pale Urafiki, kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kikafunguliwa mwaka 1968. Yeye aliingia 1973, akatoka walipopunguzwa kazi miaka ya tisini. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza yenye taa, kitambaa kinapita, yeye anatafuta uzi uliokatika, rangi iliyoruka, tundu. Kizima kinapita, kibovu kinawekwa alama. Mpaka leo ukimpa kanga hajifungi kwanza. Anaikunjua, anavuta pindo, anaisogeza kwenye mwanga, halafu anasoma jina lake kwa sauti.

Kusahau kulianza kama miaka minne nyuma. Tukasema uzee. Ananunua LUKU mara mbili siku moja. Anabandika maharage, anakwenda kumsalimia jirani, akirudi nyumba imejaa moshi. Baadaye akawa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Jirani akasema huyu ameshikwa, shangazi wa Tanga akatuma ubani na maelekezo yake. Hospitali tulifika tumechelewa, mwaka mzima hivi. Daktari alianza kwa kupima vitu vinavyoweza kumsahaulisha mtu na vikatibika: tezi ya shingo, vitamini B12 (vidonge vya metformin alivyomeza miaka mingi kwa ajili ya sukari vinaweza kuishusha), virusi vya UKIMWI, kaswende. Nilipoona kaswende kwenye karatasi ya mama yangu niligeuka mbogo, akanituliza kwamba ndivyo wanavyopima kila mtu wa hali hiyo. Vyote safi. Picha ya kichwa ndiyo ikaonyesha vijishipa vilivyoziba hapa na pale, kazi ya presha na sukari za miaka mingi. Demensia. Si uzee tu, si mkono wa mtu, na kidonge cha kuirudisha nyuma hakuna.

Kwanza tulijaribu wakala anayeleta wahudumu majumbani. Tulilipa 450,000 kwa mwezi. Baadaye dada mwenyewe akamwambia mke wangu kwamba yeye mkononi inamfikia 200,000. Hakuwa binti mbaya. Aliambiwa anakwenda kukaa na bibi, basi. Neno demensia alilisikia kwangu, siku ya tatu. Ikifika jioni Mama Mkubwa anajifunga kanga, anatafuta viatu, anasema anachelewa zamu. Dada anamwambia, "Bibi, kiwanda kilishakufa!" Mama Mkubwa anajibu, "Bibi yako nani?" Wanapandishiana sauti mpaka saa mbili, kila siku ya Mungu.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja dada alitoka kuanua nguo akaacha geti limeegeshwa. Dakika tano tu. Tulizunguka Tabata nzima, tukatangaza msikitini, tukaripoti polisi, picha yake ikatembea kwenye makundi yote ya WhatsApp. Saa tatu usiku akapiga simu kijana wa bodaboda: yupo kituo cha mwendokasi cha Urafiki, kuna bibi amekaa, pekupeku, anasubiri zamu iingie. Namba yangu aliipata kwenye ile picha. Kwa hiyo alitembea kwa miguu mpaka barabara ya Mandela, akaifuata yote hadi Ubungo, akapita kwenye madaraja, akakata kulia, akafika. Njia hakuikosea hata kidogo. Nikiyafikiria yale malori ya bandarini jioni ile mwili unanisisimka mpaka leo. Nilipomshika mkono akaniambia, "Umechelewa wewe. Wenzio washaingia."

Nilipowapigia wakala walisema wataniletea mwingine. Hakuna aliyeuliza mama ana hali gani. Nimemaliza habari ya wakala.

Miezi mitatu iliyofuata mke wangu alifunga genge lake akawa anashinda naye. Alikonda. Siku moja nilimkuta amekaa bafuni, mlango umefungwa, anapumzika. Hapo ndipo nikaitisha kikao.

Sitaficha, kikao kilikuwa kibaya. Shangazi alisema mnamtupa. Neno hilo hilo, kutupa. Kwetu mtu huenda nyumba ya wazee akiwa hana mtu, na hata afisa ustawi wa jamii alinieleza hivyo hivyo nilipokwenda kumuuliza: makazi ya serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza. Mama Mkubwa ana mimi, ana mdogo wangu Mwanza, ana vyumba vitatu vya kupangisha Manzese. Alinijibu kwa adabu na alikuwa sahihi. Ikabaki za binafsi. Nilimwambia shangazi kama anataka, amchukue Tanga. Kimya. Sikusema kwa kumkomoa, ila kikao kilikwisha hapo.

Nilitembelea tatu.

Ya kwanza ipo upande wa baharini, nzuri kama hoteli. Marumaru nyeupe, maua, sofa zenye vitambaa vya kufuma. Nilikwenda kwa miadi saa nne asubuhi, wazee wameogeshwa, wamekaa duara, binti anawapigia makofi. Bei 1,400,000 kwa mwezi. Meneja anaongea vizuri mpaka unajisikia mjinga kuuliza swali. Mimi nikaomba kuona friji.

Naomba nieleweke hapa. Mama Mkubwa anachomwa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8. Ikipata joto la Dar la mwezi wa pili inapungua nguvu, na ikiganda ndiyo imekufa kabisa. Hata ukiiyeyusha ikaonekana maji safi, haifai tena. Mgonjwa anachomwa maji, sukari inapanda, watu wanasema amezidiwa na ugonjwa. Friji lao lilikuwa jipya, milango miwili, mashine hata mimi naitamani. Chupa za insulini walizisukumia nyuma kabisa, zimegusana na ukuta unaopuliza baridi, pembeni ya soda za wafanyakazi. Moja nilipoishika ilikuwa na chembe za barafu ndani. Nikamwonyesha meneja. Akasema, "Zikitoka nje zinayeyuka, usijali."

Hata hivyo nilirudi. Mke wangu alikuwa amelipenda bustani, nikasema friji linarekebishika. Safari hii nilikwenda bila miadi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nyumba kimya kama msiba umekwisha. Wazee wote vitandani, taa zimezimwa, kasoro babu mmoja kwenye kiti, kidevu kimelala kifuani, udenda unamtoka. Mlinzi akaniambia bila hila yoyote kwamba jioni huwa wanapewa dawa ya kutuliza, maana magharibi wanasumbua. Daktari wetu alishatuonya juu ya hizo dawa. Kwa mtu mwenye demensia zinaongeza hatari ya kiharusi na hata ya kufa, hivyo anayeziandika ni daktari, kwa sababu maalumu, kwa muda mfupi, na mgonjwa anaangaliwa. Kumgawia kila mtu ili jioni ipite ni jambo jingine. Nikaondoka.

Kuanzia siku hiyo nikawa na sheria yangu: nyumba ya wazee naitembelea magharibi. Asubuhi kila mgonjwa ni mtu mzuri na kila nyumba imedekiwa. Jua likizama ndipo wenye ugonjwa huu wanapohangaika, wanataka kwenda kwao, wanatafuta watoto waliokwishazeeka, na ndipo zamu ya mchana inapofunga mikoba yake. Saa hiyo utajua kila kitu bila kuuliza.

Ya pili nitaipita haraka. Ipo Tegeta, ya nesi mstaafu, moyo safi, chakula kitamu kuliko zote. Wazee kumi na moja, wahudumu wawili, vyumba vingine ghorofani na ngazi haina kizuizi. Nikamuuliza, kuna mzee amewahi kupotea au kuanguka? Akasema kwa uwezo wa Mungu hapa hajawahi kuanguka mtu. Wazee kumi na moja, ngazi ile, miaka sita. Mimi nikisikia fundi anasema hajawahi kuunguza kompresa najua ama hajafanya kazi au ananidanganya. Nilimshukuru, nikanywa chai yake, nikaondoka.

Hii ya tatu ndiyo yenyewe. Ukiiona kwa nje hutaisimamia gari. Nyumba ya chini, bati limechakaa, ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu upande mmoja, mwembe katikati ya uwanja. Friji lao lina mlango mmoja, kishikio kimefungwa selotepu, mpira wa mlango umechanika kona ya chini. Lakini ndani kulikuwa na kipimajoto kinaning'inia kwa uzi, na mlangoni karatasi yenye mistari: asubuhi, jioni, nyuzi ngapi, nani amesoma. 4, 5, 5, 7. Halafu 11, imezungushiwa wino mwekundu. Nikauliza hiyo 11 vipi. Mama mwenye nyumba akasema siku hiyo umeme ulikatika tangu alfajiri, tukahamishia dawa kwenye deli la barafu, tumezifunga taulo zisigusane na barafu. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha nikauliza lile swali langu la kuanguka na kupotea. Hakujibu kwa mdomo. Akaleta kaunta buku. Limeandikwa kwa mikono tofauti, mingine inasomeka kwa tabu. Babu wa chumba cha tatu ameteleza bafuni saa kumi na moja alfajiri, hakuumia, mkeka wa mpira umebadilishwa. Bibi fulani amekataa kula siku mbili, ameonekana ana kidonda cha fizi. Bibi mwingine ametoka getini nyuma ya gari la maji, amerudishwa baada ya dakika 6. Kuanzia leo anayefungulia gari asimame getini mpaka lifungwe. Nilisoma kurasa kama ishirini nimesimama. Mke wangu akaninong'oneza kwamba mbona pana ajali nyingi hivi. Nikamwambia hizi ni zile zilizoandikwa.

Magharibi ya siku hiyo Mama Mkubwa tulikuwa naye. Ilipogonga saa kumi na mbili akaanza: viatu, kanga, zamu. Nikajiandaa kwa vita. Akaja dada mmoja mwenye mwanya, kijana tu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipishe mwanangu, nachelewa."

"Sawa mama. Ila kabla hujaondoka hebu nitazamie hizi, mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Akamwekea mezani, chini ya taa ya barazani, kapu la nguo zilizotoka kuanuliwa. Kanga na mashuka. Mama Mkubwa akasimama vilevile na pochi yake kwapani. Akachukua ya kwanza, akavuta pindo, akainyanyua kwenye taa. Akasoma: "Japo sipati tamaa sikati." Akacheka peke yake. Akaiweka kulia. Shuka lililofuata akalipitisha kidole pembeni polepole, akasimama mahali, akalirudia pale pale, akaliweka kushoto. Pochi ikashuka ikakaa mezani. Nusu saa baadaye kapu limekwisha, yupo kwenye kiti anakunywa uji, zamu haitajwi tena. Mashuka matatu aliyoyatenga kushoto yalikuwa kweli yameachia nyuzi pembeni; dada akayapeleka kwa fundi cherehani kesho yake.

Jambo hili nimelifikiria sana, kwa sababu nimelelewa kwamba mtu mzima hadanganywi. Sisi nyumbani tulikuwa na njia mbili tu. Moja kumwambia ukweli, kiwanda kimekufa, na dada yako naye amekufa. Unamwona anavyopokea msiba upya, kila jioni, kama ameambiwa leo. Nyingine kumwongopea kwamba gari la kiwanda linakuja. Yule binti hakufanya hata moja kati ya hizo. Hakubisha, hakudanganya. Alimpa kazi yake. Nilimuuliza kafundishwa wapi, akasema bibi yake kule Tukuyu alikuwa hivyo hivyo, wao walikuwa wanampa maharage achambue.

Tulihamia mwezi wa tatu. Malipo ni 950,000. Mimi natoa 400,000, mdogo wangu wa Mwanza 250,000, kodi ya vyumba vya Manzese 180,000, na 120,000 inatoka kwa binamu yetu wa Arusha, huyu mpaka umpigie simu mara tatu. Pampasi, dawa na hospitali ni juu yetu, hazimo humo. Usisahau kuuliza hili popote utakapokwenda, maana pampasi za watu wazima peke yake zinaweza kukuvunja mgongo. Mkataba nao usome wote. Wetu ulikuwa na kifungu kwamba hela iliyolipwa hairudi kwa sababu yoyote ile. Nikauliza, na akifariki tarehe tatu? Mama mwenye nyumba akanitazama, akachukua kalamu, akakiandika upya: siku zilizobaki zitarudishwa. Tukasaini wote wawili pembeni.

Sasa ya kuwasema. Mwezi wa sita nilifika Jumatatu nikamkuta Mama Mkubwa siye. Anavuta vuta hewani kama anashona, hanitambui, anaongea na ukuta. Jumamosi alikuwa mzima, anacheka. Zamu ya wikiendi iliona, na kwenye kaunta buku iliandikwa "ugonjwa umepanda." Ugonjwa huu haupandi hivyo kwa siku mbili. Mzee akibadilika ghafla namna ile unatafuta kitu kingine, na mara nyingi ni maambukizi, mkojo hasa. Tulimkimbiza hospitali, ikawa ni mkojo kweli, sindano na dawa za siku saba, akarudi kuwa yeye. Nilipandisha sauti siku ile na siombi radhi. Siku mbili! Wikiendi wanabaki wahudumu wawili na nesi hayupo, anapigiwa simu tu. Tangu hapo wamebandika karatasi ukutani, mabadiliko ya ghafla mpigie nesi saa hiyo hiyo, na nesi anapita Jumapili mchana. Bado naona hakutoshi.

Nguo zinachanganywa. Nimemkuta na gauni la mtu mara nne. Kwa mwanamke aliyeshinda miaka ishirini anakagua vitambaa, kumvisha gauni lenye tundu kwapani ni matusi, na analijua, maana analing'ang'ania kidole pale kwenye tundu siku nzima. Mke wangu akatia alama ya uzi mwekundu kwenye kila nguo yake. Imepunguza.

Bafu la wanawake halikuwa na chuma cha kushikilia. Niliwaambia mwezi wa nne, wakafunga mwezi wa nane. Chumvi inazidi kwenye mboga, kwa watu ambao karibu wote wana presha. Na masika kama nilivyosema, gari la wagonjwa halifiki mlangoni. Unambeba mtu kwa machela mpaka kwa muuza mkaa kule barabarani. Hilo linanitisha kuliko yote na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa barabara.

Upande wa sukari sina lawama. Nesi hamchomi mpaka sahani iwe mezani na ameona ameanza kula, kwa sababu mgonjwa wa namna hii unaweza kumchoma halafu akasema ameshiba, au akasahau kwamba ana chakula mbele yake, na sukari ikashuka akazimia. Anaogeshwa na wanawake tu. Kutembelea ni saa yoyote, na "yoyote" yao ni ya kweli: nimewahi kufika saa nne usiku natoka kufunga AC Kibamba, wakanifungulia, nikamkuta amelala ubavu, mto mgongoni. Chumba cha jirani kuna babu asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Niliona karatasi yao ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, na ile ya saa nne ilikuwa imeshatiwa saini. Wino mbichi. Hivi ndivyo vitu ninavyolipia.

Je, amezoea? Siku nyingine ndiyo. Wiki ya kwanza alilia, na mimi nikalia kwenye bajaji, dereva akazima redio. Sasa hivi ananiita kwa jina la mjomba, na wakati mwingine ananiita fundi, ambayo ni kweli. Shangazi alikuja mwezi wa saba, amejipanga kugombana. Alishinda naye, wakachambua mchele, wakaimba nyimbo za harusi za zamani ambazo sijui wamezitoa wapi. Jioni ile akasubiri mpaka kapu la nguo lilipoletwa. Hakusema tumekosea na hakusema tumepatia. Aliuliza tu kwamba pampasi zinanunuliwa saizi gani, na tangu mwezi huo anatuma hela ya pakiti mbili.

Kwa kumi nawapa saba. Wakala nawapa sifuri, ile ya baharini nawapa mbili za bustani. Pointi tatu nilizowakata hawa ni wikiendi, ni nguo, na ni kwamba akifika hatua ya kulishwa kwa mpira hawampokei, imeandikwa kwenye mkataba, itabidi nianze kutafuta tena. Daktari anasema bado, ila ameanza kupaliwa na chai, kwa hiyo sasa uji wake wanaufanya mzito na anakunywa ameketi wima.

Jumamosi narudi. Napeleka pakiti za shangazi, kanga doti moja ambayo haijapindwa ili aishike yeye mwenyewe kwanza, na mpira wa mlango wa friji. Ule niliouweka mwezi wa tano umeanza kuachia kona ile ile.